Uvuvi wa Fimbo na Ndoana katika Mito ya Mbeya na Iringa



Tumeombwa tuseme machache juu ya samaki wakubwa wa mito yetu, na vyombo vifaavyo kuwavulia. Huenda wako kati yenu wadhanio ya kuwa jambo hili ni mchezo wa watoto wachungao ng'ombe, au ni anasa ya wageni wenye fedha. Sivyo. Katika Nyanda za Juu za Kusini mto ni mali kama shamba lilivyo mali, na samaki aliye mzee na mkubwa ni shahidi wa kwanza ya kuwa mto huo ni mzima. Samaki wa namna hiyo hapatikani kwa mwaka mmoja. Amekwepa nyavu, amekwepa ndege na mamba, amepita viangazi vingi. Mto ukiisha kumkosa, hata dagaa wakijaa, yafaa wenye mto waulizane kuna nini.

Tuanze na trauti, maana ndiye aliyezitangaza Mbeya na Mufindi kwa wavuvi wa fimbo. Samaki huyu si wa asili yetu. Trauti wa kahawia kwao ni Ulaya, na yule mwenye rangi za upinde wa mvua ubavuni kwao ni magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1905 mayai ya trauti yaliletwa kutoka Scotland mpaka mto Gura katika milima ya Aberdare, nchi ya Kenya. Baadaye, siku za utawala wa Waingereza, maofisa wa Serikali ya Tanganyika na wenye mashamba ya chai wakampandikiza katika vijito vya baridi vya huku kwetu. Hata miaka hii wageni wameendelea kumvua katika mabwawa na vijito vya Mufindi.

Kwa nini aliishi huku, wala hawezi kuishi Kilosa au Kyela? Kwa sababu ya baridi. Mufindi iko juu yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo yapata mita 2,600. Maji yakizidi nyuzi 20 za joto trauti hupoteza hamu ya kula. Yakifika 25 yu karibu na kufa. Tena hutaga mayai yake katika changarawe safi yenye maji yapitayo, na tope likiifunika changarawe ile mayai hukosa hewa. Basi mwaona wenyewe: mtu akikata miti yote ya ukingoni, jua hupasha maji joto na mvua huteremsha udongo, na samaki hupotea pasipo mtu kumtupia hata ndoana moja.

Hapa twagusa kidonda, nasi twajua. Watu wa Iringa na Njombe wana vinyungu vyao mabondeni, navyo vimelisha nyumba nyingi miezi ile ambayo shamba la mlimani halina kitu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi ziwezazo kuharibu mto ndani ya mita 60 za ukingo. Sisi hatuoni haki kumwambia mama mwenye watoto aache kinyungu chake kwa ajili ya samaki wa mgeni. Lakini twaona ya kuwa kinyungu kilichoachiwa ukanda wa miti na majani kati yake na maji hukaa miaka mingi kuliko kile kinacholimwa mpaka ukingoni, kwani udongo wake hauondoki. Mwenye kinyungu ndiye apataye faida ya kwanza; samaki ni wa pili.

Sasa tuteremke mlimani. Mto Ruhudji, upitao Njombe mjini kwa maporomoko yajulikanayo na kila mwanafunzi wa huko, pamoja na mto Mnyera, hushuka mpaka bonde la Kilombero. Huko chini, katika maji ya moto, yuko samaki mwingine kabisa. Wenyeji wana majina yao mbalimbali. Waingereza walimpa jina la chui mwenye milia, kwa sababu ya mistari myeusi ya ubavuni na kwa ukali wake. Meno yake ni marefu, yaonekana hata akifumba kinywa. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja aliandika aina ya pekee ya samaki huyu, ya mito ya Ruaha na Rufiji, akaiita kwa jina la kitaalamu Hydrocynus tanzaniae. Neno la kwanza maana yake ni mbwa wa maji, na la pili ni jina la nchi yetu. Si kila taifa lina samaki aliyepewa jina lake.

Tangu yapata mwaka 2010 wavuvi wa fimbo kutoka Afrika Kusini na Ulaya wamekuwa wakifunga safari mpaka Mnyera na Ruhudji kwa ajili ya samaki huyu tu, kwa kuwa huko wamepatikana wenye kilo 9 na zaidi. Aina nyingine ya samaki huyu, iliyoenea mito mingi ya Afrika, imewahi kutoa mmoja wa kilo 16.1, aliyevuliwa katika ziwa Kariba mwaka 2001. Hesabu hizo hutunzwa na chama cha kimataifa cha wavuvi wa fimbo, kilichoanzishwa mwaka 1939, nacho kina masharti makali. Mvuvi lazima apambane na samaki peke yake. Mtu mwingine akigusa fimbo au mshipi kabla samaki hajachoka, hata kama ni kwa wema, samaki huyo hahesabiwi.

Wa tatu ni mbasa wa ziwa Nyasa, ambaye ndugu zetu wa Kyela hawahitaji kuelezwa habari zake. Hufukuza dagaa ziwani, na majira ya mvua hupanda mitoni kwenda kutaga. Hupenda chambo kiendacho mbio, kwa hiyo Wazungu wa Nyasaland walimpenda sana kwa fimbo. Lakini desturi yake ya kupanda mtoni ndiyo imponzayo, maana watu huziba mdomo wa mto kwa nyavu siku zile zile apandapo na mayai tumboni.

Haya, na tuseme juu ya vyombo. Mtu akimpoteza samaki mkubwa, mara nyingi husema samaki alikuwa na nguvu mno. Sisi twaona mara nyingi kosa lilikuwa katika ndoana, au katika fundo.

Ndoana yauzwa kwa namba, na namba hizo hudanganya. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo: namba 14 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 1. Halafu, ikiisha kupita 1, huandikwa 1/0, 2/0, 3/0, nazo zaenda zikikua. Kwa trauti yatosha namba 10 mpaka 14. Kwa samaki yule mwenye meno wavuvi hutumia 4/0 au zaidi. Mtu aendaye dukani akaomba namba 4 akidhani ni sawa na 4/0 atarudi na kitu kisichofaa.

Ndoana nzuri zimetoka kwa muda mrefu katika mji wa Redditch, Uingereza, uliokuwa pia mji wa sindano, na katika kiwanda cha Mustad cha Norway, kilichoanza kazi mwaka 1832. Lakini jina katika karatasi si ushahidi, kwa kuwa za kuigiza zimejaa sokoni. Ijaribu mwenyewe. Choma ncha katika ubao laini, kisha vuta kwa nguvu ya wastani. Ikinyooka, chuma chake ni laini. Ikikatika, kimechomwa kupita kiasi. Ikipinda kidogo na kurudi, inunue. Kisha pitisha ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu, yataka tupa. Ikikwaruza ni kali. Neno hili la ukali ni kubwa zaidi kwa samaki wa Kilombero, kwa sababu kinywa chake ni mfupa mtupu, na ndoana butu hugonga tu na kuanguka anaporuka juu ya maji. Tena kati ya ndoana na mshipi weka kipande cha waya, maana meno yale hukata uzi wa nailoni kama mkasi ukatavyo pamba.

Fimbo nayo haina kazi ya kumvuta samaki kwa nguvu kama mtu avutavyo ndoo kisimani. Kazi yake ni kupinda. Samaki akikimbia, fimbo iliyopinda humchosha pasipo kukata mshipi. Zamani fimbo zilizosifiwa sana zilitengenezwa kwa mianzi ya China, iliyopasuliwa vipande sita vya pembe tatu na kuunganishwa kwa gundi. Kampuni ya Hardy ya mji wa Alnwick, Uingereza, iliyoanza mwaka 1872, ilipata jina kwa kazi hiyo. Siku hizi fimbo nyingi ni za nyuzi za kioo au za kaboni, nyepesi mno. Asiye na fedha asikate tamaa. Mwanzi wa kwetu, ukikatwa ukiwa umekomaa, ukakaushwa kivulini juma nyingi na kunyooshwa kwa moto wa polepole, humtoa kambale mkubwa bila shaka. Ila msikate ule utoao ulanzi, msije mkatuletea kesi kwa sababu ya hotuba hii!

Mshipi uangalieni kila siku mita za mwanzo kwa vidole. Palipo na mkwaruzo kateni. Fundo la nailoni lilowesheni kwa mate kabla ya kulikaza, kwani likikazwa kavu hujichoma kwa msuguano. Jioni futeni ndoana kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Na katika mito ya bondeni mtu asisimame majini hata kwa samaki wa namna gani. Mamba na kiboko hawasomi sheria za chama cha wavuvi.

Liko swali ambalo wazee wameliuliza mara nyingi, nalo ni la haki. Mgeni anatoka mbali, anamvua samaki wa kulisha nyumba nzima, anampiga picha, kisha anamrudisha majini. Je, si dhihaka kwa mwenye njaa? Twakiri ya kuwa laonekana hivyo. Lakini fikirini hesabu yake. Samaki aliyerudishwa huvuliwa tena mwaka ujao na mgeni mwingine, naye pia hulipa leseni, mpiga makasia, mpishi na mbeba mizigo. Katika samaki wale wenye meno, walio wakubwa kabisa ni majike, na jike kubwa hutaga mayai mengi kuliko wadogo wengi pamoja. Neno moja tu twalitia mkazo: fedha hiyo ionekane kijijini, katika darasa au zahanati, na hesabu yake isomwe mbele ya mkutano. Ikiishia kwa watu wawili watatu, wanakijiji watakuwa na haki ya kuuliza kwa nini wamlinde samaki wasiyemla wala kumfaidi.

Wala hatusemi kila samaki arudishwe. Mwenye ndoana huchagua. Humtwaa mmoja kwa chakula na kuwaacha wengine. Sumu haichagui. Utupa, ambao babu zetu waliujua, humzuia samaki kutumia hewa iliyo majini, na hufa mkubwa na mtoto, pamoja na wadudu ambao wangekuwa chakula cha wale watakaozaliwa. Na wako siku hizi watumiao dawa za mashambani badala ya utupa, jambo baya zaidi, kwa kuwa maji yale yale hunywewa na watu walio chini ya mto. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza sumu na baruti. Lakini polisi hawawezi kukaa kila kijito. Mzee wa kitongoji ndiye ajuaye ni kijana gani amerudi na kapu la samaki wasio na alama ya ndoana.

Jambo la mwisho ni hili. Wako wapendao kumchukua trauti au samaki mwingine mgeni na kumtia katika kijito kipya ili wageni waje. Tafadhali wasifanye hivyo kwa shauri lao wenyewe. Sangara alitiwa katika ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Akaleta viwanda na fedha, lakini aina nyingi za furu zilitoweka, na hazijarudi. Kijito kidogo cha Rungwe au Makete hakina nafasi ya kukosea kama ziwa lile. Atakaye kupandikiza na amwone kwanza ofisa wa uvuvi wa wilaya, na atakaye kuvua Kitulo akumbuke ya kuwa mahali pale pamekuwa hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, haingii mtu na fimbo pasipo ruhusa.

Majira mazuri kwa Mnyera na Ruhudji ni baada ya mvua kukoma na maji kutakata, kuanzia Agosti mpaka Novemba. Kwa upande wa Ruaha Mkuu hatuwezi kutaja majira, kwa kuwa tangu mwaka 1993 mto ule umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na samaki hubanana katika madimbwi machache pamoja na viboko. Ndugu zetu wa Usangu, walio juu ya mto, ndio wawezao kutueleza maji yanakwenda wapi, nasi twawaomba mkutano ujao watume watu wao.