Safari ya Baiskeli 23 na Hesabu Zake

(Mazungumzo kwa wajumbe wa halmashauri na makatibu wa vyama vya msingi)



Baiskeli haihitaji kuelezwa katika mkutano huu. Ndiyo inayofikisha gunia la mkulima kwenye ghala la chama, na ndiyo inayomwacha porini mnyororo unapokatika. Mtu anayesafiri peke yake akipata pancha, hasara ni yake na dawa ni yake. Lakini watu ishirini na zaidi wakisafiri pamoja, pancha ya mmoja ni kituo cha wote. Hapo huzuka maswali ambayo kila chama cha ushirika hukutana nayo: Nani atangoja? Nani atatengeneza? Vipuri vimebebwa na nani? Na nani ataandika yaliyotokea ili wanaokuja nyuma wajue?

Safari itakayoelezwa ilifanyika Marekani mwaka 1897. Imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, waliosafiri walifika, ingawa vyombo vyao viliharibika njiani mara nyingi. Pili, baadhi yao baadaye walivunjiwa kitu kikubwa kuliko baiskeli, na matengenezo yake yalichukua miaka 66.

ASKARI NA VYOMBO VYAO

Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu cha Jeshi la Marekani kiliundwa mwaka 1869. Askari wake walikuwa Wamarekani Weusi na maofisa wake walikuwa Wazungu, kwa kuwa katika zama zile jeshi hilo liliwatenga watu kwa rangi zao. Mwaka 1888 kikosi hicho kilipelekwa Montana, nchi ya milima na baridi iliyo kaskazini magharibi, na sehemu yake ikakaa katika ngome ya Fort Missoula.

Hapo alikuwapo ofisa kijana, Luteni James A. Moss, aliyehitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho katika darasa lake. Moss alikuwa na hoja moja. Farasi hula, hunywa, huugua na hufa. Baiskeli haidai majani wala maji, na haipigi kelele adui akasikia. Akaomba ruhusa ya kuijaribu, na Jenerali Nelson A. Miles, aliyekuwa mkuu wa jeshi, akakubali. Kampuni ya Spalding ilitoa baiskeli bila kudai malipo, kwa kutumaini kuwa jeshi likiridhika litakuwa mnunuzi mkubwa.

Katika mwaka 1896 Moss alianza na askari wanane. Hawakufundishwa kuendesha tu. Walifundishwa kuvuka mito baiskeli zikiwa zimebebwa, na kuupanda ua wenye urefu wa karibu meta tatu, wakipokezana vyombo juu yake, kwa muda wa sekunde 20. Jambo hilo halifanyiki mtu akijitazama mwenyewe. Anayepanda kwanza humtegemea aliye chini ampe baiskeli, na aliye chini humtegemea aliye juu aipokee.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo walifanya safari mbili za majaribio. Ya kwanza ilikuwa ya siku nne na kama kilomita 200, kwenda na kurudi, katika mvua na matope. Ya pili iliwafikisha kwenye hifadhi ya Yellowstone na kuwarudisha, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Faida kubwa ya safari hizo ilikuwa kujua ni kitu gani huvunjika, na huvunjika wapi. Baiskeli za mwaka uliofuata ziliagizwa kwa kufuata somo hilo: rimu za chuma, uma wa mbele ulioongezwa nguvu, mnyororo uliofunikwa usiingiwe na uchafu, breki, na mkoba mgumu uliojaza nafasi ya katikati ya fremu. Huo ndio ukaguzi wenye manufaa. Kosa la msimu uliopita hugeuka kuwa agizo la msimu unaokuja.

MIZIGO NA AKIBA

Tarehe 14 Juni 1897 watu 23 waliondoka Fort Missoula kuelekea mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Walikuwapo askari 20, Luteni Moss, daktari wa jeshi James M. Kennedy, na Edward Boos, kijana wa miaka 19 aliyeandika habari za safari kwa ajili ya magazeti. Umbali ulikuwa maili 1,900, yaani zaidi ya kilomita 3,000. Atokaye Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi hajaumaliza mwendo huo.

Baiskeli tupu ilikuwa na uzito wa kama kilo 15. Ikifungwa mzigo ilifikia karibu kilo 27. Blanketi na nusu ya hema vilifungwa mbele kwenye usukani, chakula kikatiwa katika mkoba wa fremu, na kikombe cha bati kikaning'inizwa chini ya kiti. Juu ya hayo kila askari alibeba bunduki mgongoni na risasi 50 kiunoni. Baiskeli hizo hazikuwa na gia za kubadilisha. Mlima ulipandwa kwa miguu ileile iliyotumika kwenye tambarare, au ulipandwa kwa kusukuma.

Chakula kilichobebwa kilikuwa cha siku mbili. Kingine kilitangulizwa kwa gari la moshi na kuwekwa kwenye vituo vilivyopangwa kila baada ya maili 100 hivi. Maana yake ni kwamba kila jozi ya siku ilikuwa na deni la maili 100. Matope yakiwachelewesha, deni halipungui, bali chakula ndicho kinachopungua. Wajumbe wa halmashauri wanaopanga ununuzi wa mazao kwa fedha za mkopo wataitambua hesabu hiyo bila kuelezwa zaidi.

FUNDI WA SAFARI

Mtu aliyetegemewa kuliko wote baada ya viongozi hakuwa na cheo. Aliitwa John Findley, askari wa kawaida, ambaye kabla ya kuingia jeshini alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha baiskeli huko Chicago. Alikuwa miongoni mwa wale wanane wa mwaka 1896, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kikosi.

Hitilafu zenyewe zilikuwa zile anazozijua kila mwendesha baiskeli: tairi kutoboka, spoki kukatika, pedeli kuvunjika, nati kulegea na kupotea. Tofauti ni kwamba zilitokea mahali pasipo na duka wala karakana. Kisichobebwa hakikuwapo. Na kila mara fundi alipopiga magoti kando ya njia, lilibaki swali la kuwangoja waliokwama au kuwaacha. Mtu wa mbele ambaye chombo chake ni kizima huona wa nyuma ni wazembe, mpaka siku inapofika zamu yake.

MATOPE, THELUJI NA MCHANGA

Mvua iliwapokea mapema. Udongo wa nchi ile ukilowa huwa mzito na wenye kunata mithili ya udongo wa mfinyanzi. Uliingia kati ya tairi na uma, gurudumu likagoma kuzunguka, na kilichokuwa chombo cha kumbeba mtu kikawa mzigo wa kubebwa na mtu. Askari walishuka, wakakwangua matope, wakaenda hatua chache, wakakwangua tena. Njia iliposhindikana kabisa walihamia kwenye reli na kupita juu ya mataruma. Hapo matope yalikoma, lakini kila taruma lilikuwa pigo moja kwa gurudumu na pigo jingine kwa mgongo wa mpandaji. Wakavuka kilele kinachogawa mito ya mashariki na ya magharibi katika baridi kali, ilhali ulikuwa mwezi wa Juni.

Walipita pembe ya Wyoming na ya South Dakota, wakaingia Nebraska, na huko adui akabadilika. Vilima vya mchanga vya Nebraska vilikuwa na mwendo wa karibu kilomita 270, na viliwachukua siku nne na nusu. Gurudumu lilizama, jua likachoma, na maji mengi yaliyopatikana yalikuwa ya magadi, yenye kumdhuru anayeyanywa. Askari waliugua, na Luteni Moss mwenyewe hakupona shari hiyo.

Katika mwendo huo msimamizi wa askari alikuwa Sajini Mingo Sanders, mtu mzima kuliko wengi wao, aliyekuwa akiona kwa jicho moja tu. Vijana wakitaka udhuru wa kuketi chini, walikuwa naye mbele ya macho yao.

Tarehe 24 Julai 1897 kikosi kiliingia St. Louis. Waendesha baiskeli wa mji walitoka kuwalaki, na maelfu ya watu wakaja kuwatazama katika bustani ya Forest Park. Safari nzima ilikuwa ya siku 41, na kati ya hizo siku 34 zilikuwa za mwendo. Ukiigawa jumla, kila siku ya mwendo ilipata karibu maili 56, yaani kilomita 90. Moss aliandika taarifa yake kwa tarakimu: saa, maili, hali ya njia, sababu za kuchelewa. Kwa hesabu yake, safari ilichukua nusu ya muda na theluthi ya gharama ambayo kikosi cha aina hiyo kingetumia bila baiskeli.

Hata hivyo jeshi halikununua baiskeli za vita. Askari walirudishwa Missoula kwa gari la moshi. Mwaka 1898 vita vya Marekani na Hispania vikaanza, kikosi kikapelekwa Kuba, na jaribio likaishia hapo.

KILICHOVUNJWA OFISINI

Ndugu Wajumbe, kama habari hii ingekoma hapo, ingekuwa habari njema ya umoja na uvumilivu. Lakini daftari la kweli halifungwi kabla ya mstari wa mwisho.

Mwezi wa Agosti 1906 kombania tatu za Kikosi cha 25 zilikuwa Brownsville, mji wa Texas, ambako wenyeji wengi hawakuwataka. Usiku mmoja risasi zilipigwa mjini. Mhudumu wa baa akafa na ofisa wa polisi akajeruhiwa. Wakazi wakasema ni askari Weusi. Maofisa Wazungu wa kikosi walieleza kwamba askari walihesabiwa usiku uleule wakawa wote wapo kambini, na bunduki zao zilipokaguliwa zilionekana safi. Maganda ya risasi yaliyookotwa na watu wa mji ndiyo yaliyopewa uzito.

Hakuna askari aliyekiri, na hakuna aliyemtaja mwenziwe. Kwa hiyo Rais Theodore Roosevelt aliamuru wote 167 wafukuzwe jeshini bila heshima. Hapakuwa na kesi, wala hakuna hata mmoja aliyethibitishiwa kosa. Kunyamaza kwao kulihesabiwa kuwa njama. Haikufikiriwa kwamba mtu asiyejua jambo hana la kusema.

Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Sajini Mingo Sanders. Alikuwa ametumika zaidi ya miaka 25, na kustaafu kwake kulikuwa karibu. Yeye aliyevuka matope ya Montana na mchanga wa Nebraska kwa jicho moja alinyang'anywa pensheni yake kwa saini moja. Askari 14 tu ndio walioruhusiwa baadaye kurudi kazini, na Sanders hakuwa mmoja wao. Alifariki mwaka 1929. Mwaka 1972 jeshi lilitangaza kwamba amri ile haikuwa ya haki na kuwarudishia wote heshima yao. Wakati huo karibu wote walikuwa wamekwisha kufa.

MAFUNZO KWA VYAMA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika safari ya 1897 kila ufa ulizibwa mahali ulipotokea, kwa sababu vipuri vilikuwapo, fundi alijulikana, na kiongozi alikuwa karibu na chombo kilichoharibika. Chama kinachongoja msimu uanze ndipo kitafute turubai, mawe ya mzani na vitabu vya stakabadhi kimeondoka ngomeni bila Findley.

Lakini funzo la Brownsville ni zito zaidi. Ghala likionekana na upungufu wa magunia, au sanduku likionekana na upungufu wa fedha, njia rahisi kwa halmashauri ni kumfukuza karani, mpima mizani na mlinzi kwa pamoja, na kusema kwamba aliye safi angemtaja mwizi. Njia hiyo huwaridhisha wanaopiga kelele mkutanoni, lakini humwacha mwizi akicheka na kumwangamiza aliyetumika kwa uaminifu. Upungufu una tarehe, una kiasi, na una mkono ulioupitisha. Vitu hivyo hutafutwa katika daftari la mapokezi, katika stakabadhi na katika hesabu ya ghala. Na daftari likisema kwamba mtu hana hatia, liaminiwe, hata kama jina lake halipendwi kijijini.

Askari wale walihesabiwa usiku uleule, na hesabu ikawa kamili. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka aliyekubali kuisoma.