Shamba la Nyuma ya Kanisa: Ugomvi wa Nyumba Mpya Uingereza

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wangu mliosoma hapa kabla yangu, wenzangu wa darasa letu, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa kuwa viti tumevichukua sisi wenye mvi:

Barua ya Ndugu Katibu iliniomba niseme juu ya "maisha ya Uingereza" kwa dakika ishirini. Nilikaa kule miaka kumi na sita, nikifanya kazi katika maabara ya hospitali, na kama ningejaribu kuyasimulia yote mngesinzia kabla ya chakula. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, nalo ni ugomvi wa shamba. Najua hapa hakuna asiyeujua ugomvi wa shamba. Lakini huu ulikuwa wa namna yake, kwa maana karibu wote waliogombania shamba lile hawakumiliki hata hatua moja ndani yake, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilipanga chumba juu ya duka katika kijiji kimoja cha Hertfordshire, kaskazini ya London. Kijiji chenyewe sitakitaja, kwani wengine niliogombana nao wangali hai. Ukipanda garimoshi hufiki saa moja umeingia London, mji wenye watu zaidi ya milioni nane. Lakini ukitoka kijijini kwa miguu upande wa pili, dakika tano tu umo katikati ya ngano. Mwanzoni nilidhani ni bahati. Nikajiuliza mji mkubwa namna ile umewezaje kusimama pale uliposimama, bila kumwagika kama uji uliofurika sufuriani.

Si bahati. Ni sheria. Miaka ya 1930, London ilipokuwa inatanuka kwa kasi kufuata reli, baraza la mji lilianza kusaidia kununua ardhi ya pembezoni ili isijengwe, na mwaka 1938 Bunge likapitisha sheria ya ukanda wa kijani kuuzunguka mji. Baada ya vita ikaja sheria kubwa ya mipango ya mwaka 1947. Hii vijana waisikilize vizuri. Sheria ile haikumnyang'anya mwenye shamba shamba lake. Ilimwondolea haki ya kujenga apendavyo. Tangu siku ile Mwingereza anaweza kuwa na eka mia, zenye hati na mihuri, lakini hawezi kusimamisha nyumba ya kuishi juu yake mpaka halmashauri impe kibali. Sisi Tanzania tunasema ardhi ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake. Wao ardhi waliwaachia wenyewe, ila ruhusa ya kuijenga wakaifanya ya umma. Mwaka 1955 serikali ikazitaka halmashauri za nchi nzima nazo ziweke ukanda kama ule kuzunguka miji yao, na leo ukanda huo unafunika kama sehemu moja katika nane ya ardhi yote ya Uingereza yenyewe, bila kuhesabu Scotland na Wales.

Msidhani kuwa ni msitu au bustani ya kupumzikia. Nami nilidhani hivyo. Sehemu kubwa ni mashamba ya watu, na huruhusiwi kupita ila kwenye njia za miguu zilizoandikwa tangu zamani. Viwanja vya gofu vimo. Vimo pia vijishamba vya farasi vilivyochakaa, na yadi za vyuma. Sheria haiulizi kama mahali pale pazuri. Inauliza kama pako wazi, na kama pakijengwa mji huu utagusana na ule.

Basi nilikuwa na mwaka wa sita pale. Watu walikuwa waungwana, "habari ya asubuhi" haikosekani, lakini hakuna aliyewahi kupanda ngazi zangu. Siku moja likatundikwa tangazo la karatasi ya manjano kwenye nguzo ya taa mbele ya duka. Kampuni ya ujenzi iliomba kibali cha kujenga nyumba tisini katika shamba la nyuma ya kanisa. Jioni ile ile mlango wangu ukagongwa. Alikuwa bibi mzee mjane, jirani wa nyumba ya tatu, amebeba karatasi za kutia sahihi na keki. Nilitia sahihi kabla sijasoma. Nawaambieni kweli, nilitia sahihi kwa sababu ya keki. Mtu aliyekaa miaka sita bila kugongewa mlango atatia sahihi karatasi yoyote.

Wiki zilizofuata nilikuwa mwenyeji. Nilialikwa mikutano ya ukumbi wa kijiji, nikaonyeshwa ramani, nikafundishwa namna ya kuandika barua ya pingamizi. Hilo la barua ni somo peke yake. Huwezi kuandika kwamba nyumba yako itashuka bei, wala kwamba dirisha lako litapoteza mandhari yake; hoja hizo hazihesabiwi kabisa. Lazima useme juu ya barabara, mafuriko, shule iliyojaa, na juu ya ukanda wenyewe, ambao kisheria haujengwi nyumba mpya ila kwa sababu za pekee sana. Kwa hiyo ukumbini watu walisema magari na mifereji, na wakati wa chai wakasema bei. Mmoja alisema, huku akikoroga kikombe, kwamba baadhi ya nyumba zile zingepangishwa kwa kodi nafuu, na kwamba sote tulijua zingeleta watu wa aina gani. Halafu akaniona mimi nimesimama karibu, akanisogezea biskuti.

Nisiwadanganye, shamba lile nililipenda. Nikitoka zamu ya usiku nilikuwa napita njia ya miguu iliyolikata katikati. Kulikuwa na ndege wadogo wa rangi ya udongo, ambao huruka kutoka kwenye ngano wakapanda juu moja kwa moja huku wakiimba, mpaka huwaoni tena ila sauti. Miti ya miiba kando ya njia ilikuwa inachanua meupe mwezi wa Mei. Kwa mtu aliyekulia mashambani, kisha akakaa usiku kucha chini ya taa za maabara akitazama damu za watu, lile lilikuwa si jambo dogo.

Sasa hospitalini kwetu alikuwako mama mmoja, Mwingereza, mfagiaji. Alikuwa akiamka saa kumi za alfajiri apande basi, ateremke, apande jingine. Siku moja nilikuwa najivunia pingamizi letu, naye akaacha kupiga deki, akaniuliza, "Kijiji gani?" Nikamtajia. Akasema, "Mimi nimezaliwa pale. Mama yangu alikuwa na nyumba ya halmashauri nyuma ya shule." Kisha akanieleza kwamba tangu sheria ya mwaka 1980 iliyowapa wapangaji haki ya kununua nyumba za halmashauri, nyingi ziliuzwa, na zilizouzwa hazikujengwa nyingine mahali pake. Yeye na wanawe waliomba nyumba kijijini miaka mingi, hawakupata. "Umetia sahihi?" akaniuliza. Nikanyamaza. Akaendelea kupiga deki, wala hakunisema vibaya, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni nilikwenda kwa yule bibi mjane. Nilitaka anipe sababu ya kuendelea. Badala yake akanionyesha picha. Yeye alikuja pale bi arusi, mwanzo wa miaka ya 1950, akapewa nyumba mpya ya halmashauri, na katika picha nyumba ile imezungukwa na matope na makapi ya shayiri. "Hapa palikuwa shamba," akasema. "Wenye kijiji walikasirika sana tulipokuja. Walisema tutaleta kelele." Nikamwuliza kwa nini basi anapinga. Akafikiri kidogo. Akasema, "Kwa sababu hili ndilo la mwisho ninaloliona." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kamati ya mipango ya halmashauri ilikutana usiku. Upande wa kupinga ulipewa dakika tatu, na wenzangu, sijui kwa werevu au kwa wema, walinichagua mimi niseme. Walinipa karatasi iliyokwisha andikwa. Nilisoma nusu ya kwanza kama ilivyo. Kisha nikaikunja. Nikasema shamba liachwe, lakini kando ya barabara kuu, ndani ya ukanda huo huo, kulikuwa na yadi ya malori iliyofungwa siku nyingi, saruji na mapipa ya kutu tu, na nyumba za kodi nafuu zingefaa pale. Nikasema kuna watu wazaliwa wa kijiji wanaolala mji mwingine. Dakika zikaisha, taa nyekundu ikawaka.

Ofisa mmoja akajibu kwa adabu kwamba yadi ile haikuwa mbele ya kamati usiku ule. Kamati huamua ombi lililoletwa, siyo ombi ambalo mtu angependa liletwe. Alisema kweli. Kibali kikakataliwa. Kampuni ikakata rufani, kwani mwenye kuomba akinyimwa anaruhusiwa kukata rufani, ingawa jirani akishindwa haruhusiwi. Mkaguzi wa serikali akaja, akatembea shambani na viatu vya mpira, na miezi kadhaa baadaye akaikataa rufani. Watu wakashangilia ukumbini. Mimi sikualikwa. Mlango wangu ulirudia ukimya wake, isipokuwa kwa yule bibi, ambaye aliendelea kuniletea keki mpaka alipofariki. Nyumba yake iliuzwa kwa mtu wa London, kwa fedha ambazo mimi nisingezipata hata kama ningefanya kazi maisha mawili.

Wako hapa watakaosikia maneno "ukanda wa kijani" wakamkumbuka Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na msitu wa Karura kule Nairobi. Jina limefanana, mambo yanakaribiana, lakini si mamoja. Karura ulikuwa msitu wa umma, na mwaka 1998 ilijulikana kwamba vipande vyake vimegawiwa wajenzi bila wananchi kuambiwa. Waliokwenda kupanda miche mwezi Januari 1999 walipigwa, naye mama yule alipasuliwa kichwa. Sisi kule kijijini hakuna aliyepigwa hata kofi. Tulibandikiwa tangazo kwenye nguzo na kupewa siku za kuandika barua. Hata hivyo, nguzoni hapakuwa na tangazo lolote kwa yule mama mwenye mabasi mawili. Tangazo hubandikwa pale nyumba zitakapojengwa, na yeye hakuwa akiishi pale. Waliokwisha kupata nyumba ndio walioliona.

Hukohuko Hertfordshire uko mji uitwao Letchworth, ulioanzishwa mwaka 1903 kwa fikra za bwana mmoja, Ebenezer Howard, karani wa kuandika mijadala ya Bunge. Yeye alitaka miji midogo iliyozungukwa na mashamba, na ardhi yote iwe ya pamoja, ili thamani inapopanda faida irudi kwa wakazi. Kwa maoni yangu Waingereza walichukua ule mkanda wake, wakayaacha yale ya faida. Shamba la ngano karibu na London likipata kibali cha nyumba, bei yake huruka makumi ya mara kwa usiku mmoja, na sehemu kubwa ya fedha hizo haiendi kwa kijiji kitakachobeba magari. Mimi ningekuwa mwanakijiji wa kawaida, labda nami ningepinga.

Ugomvi haujaisha. Mwezi Juni 2021, jimbo la Chesham na Amersham, lililomo ndani ya ukanda huo, liliiangusha Conservative iliyokuwa imelishika tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1974, na hofu ya nyumba mpya ilikuwa moja ya sababu. Serikali ya Labour iliyoingia mwaka 2024 iliahidi nyumba milioni moja na nusu katika muda wa Bunge moja, na Desemba mwaka huo ikatoa kanuni mpya zinazotaja "ukanda wa kijivu", yaani sehemu za ukanda wa kijani zilizokwisha kujengwa, au zisizoutumikia kwa nguvu. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka yadi ya malori, nikacheka peke yangu.

Nilipita pale kwa mara ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Shambani wamepanda shayiri. Ndege walikuwa juu, wanaimba. Yadi ya malori ilikuwa na majani yaliyonifika kiunoni, na lango lake bado limefungwa kwa mnyororo. Kwenye kituo cha basi nilikutana na yule mama wa hospitali. Alikuwa amekuja kuweka maua kwenye kaburi la mama yake, anasubiri basi la kwanza kati ya yale mawili. Tulisalimiana, tukakaa kimya pamoja mpaka lilipofika.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa, na harufu ya pilau imeshafika hapa.