Kabla ya Kutaja Bei: Kuuchunguza Mtaa wa Bugembe kwa Anayetaka Kununua Nyumba

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Jinja



Katika Rufaa ya Madai Namba 7 ya mwaka 1996, kati ya Sir John Bageire na Ausi Matovu, Mahakama ya Rufaa ya Uganda ilisema jambo ambalo mawakili wa nchi hii wamelirudia mpaka limekuwa kama methali: ardhi si mboga, hainunuliwi kwa muuzaji usiyemjua. Jaji Okello alieleza kwamba ardhi ni mali ya thamani, na mnunuzi anatarajiwa kuichunguza ardhi yenyewe na kumchunguza pia anayeiuza.

Wengi wetu tukisikia maneno hayo tunadhani tumeambiwa twende ofisi ya ardhi. Twende, lakini tusianzie huko. Hoja yangu leo ni kwamba kwa mtu anayenunua Bugembe, uchunguzi uanzie kwa majirani na uishie ofisini, na wote ukamilike kabla bei haijatajwa. Najua mawakili waliomo humu watanikatalia. Wao hufundisha kuanza na hati, nami nitaeleza kwa nini mpangilio huo haufai kwa mji wa aina yetu.

Bugembe ni nini

Bugembe ni mji uliokua kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Iganga. Sensa ya 2014 ilikuta wakazi zaidi ya 40,000, na tangu tarehe 1 Julai 2020, Jinja ilipopandishwa kuwa jiji, mji huu umo ndani ya mipaka ya jiji hilo. Ni makao makuu ya Ufalme wa Busoga. Una kanisa kuu la Dayosisi ya Busoga, ambamo Kyabazinga (mfalme wa Busoga) William Gabula Nadiope IV alifunga ndoa tarehe 18 Novemba 2023, na una kituo cha afya cha daraja la nne. Upande wa mashariki kuna Wairaka na Kakira, kwenye kiwanda cha sukari cha akina Madhvani.

Mgeni akisikia sifa hizo huona mtaa wa heshima, na bei inapanda kabla hajashuka kwenye bodaboda. Lakini sifa zote hizo ni za Bugembe ya barabarani. Nyumba unayonunua iko ndani, mita mia tano au kilomita moja kutoka lami, mahali ambapo miaka ishirini iliyopita palikuwa migomba na mihogo ya ukoo fulani. Shamba hilo lilikatwa vipande vya futi 50 kwa 100, kipande kimoja kikamlipia mtoto karo, kingine kikagharamia matanga, kingine kikaenda kwa dalali. Ukitaka kujua unachonunua, lazima uijue historia ya vipande hivyo, na historia hiyo haikuandikwa popote.

Yaliyo katika hati na yaliyo katika vichwa vya watu

Katiba ya 1995 inatambua namna nne za kumiliki ardhi: kimila, umiliki huru, mailo na kukodi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Busoga ni ya kimila. Hati ikiwepo, kazi ni nyepesi: Jinja ni miongoni mwa ofisi sita za kanda zilizoanza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za ardhi mwaka 2013, na kwa ada ya shilingi 10,000 utapata barua ya uchunguzi inayotaja mwenye hati na mazuio yaliyowekwa juu yake. Ila barua hiyo haimtaji aliyezikwa nyuma ya nyumba.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Katika nchi hii kaburi ni ushahidi. Ukikuta makaburi kwenye ploti, au ukiambiwa yalikuwepo yakahamishwa, simamisha kila kitu umtafute mkuu wa ukoo. Watoto wa marehemu ni wangapi? Walikubaliana kuuza, au aliyeuza ni yule mmoja aliyebaki nyumbani? Yuko mwingine Dubai au Kampala ambaye hajaambiwa? Majibu ya maswali haya anayo mama anayeuza mandazi njiapanda. Hayamo kwenye kompyuta ya ofisi ya kanda, na wakili wako hawezi kuyapata akiwa amekaa mezani kwake Main Street.

Kuna pia suala la mke. Sheria ya Ardhi ya 1998, baada ya marekebisho ya 2004, inakataza kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mume anaweza kukuletea mwanamke akatia saini mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), nawe ukaondoka umeridhika. Ni majirani wanaojua kama huyo ndiye mke anayeishi katika nyumba ile na kulima kiwanja kile, au ni mwingine aliyeletwa kwa ajili ya siku hiyo tu.

Hata ardhi yenye hati safi inaweza kuwa na watu juu yake. Aliyekuwa akiikalia au kuilima kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza kutumika tarehe 8 Oktoba 1995, bila mwenye hati kumpinga, sheria inamlinda yeye na warithi wake. Mwenye kipande cha viazi pembeni ya ploti yako huenda ana haki ambayo muuzaji hakukutajia. Usimpite. Msalimie kwa Lusoga kama unakijua, kwa Kiswahili kama hukijui, na umuulize amelima hapo tangu lini.

Mwenyekiti wa LC1 ni mtu muhimu, lakini ni shahidi, si msajili wa ardhi. Muhuri wake unathibitisha kuwa anawafahamu mliosimama mbele yake, haugeuzi mali ya mtu kuwa yako. Wako viongozi wa mitaa wanaodai asilimia fulani ya bei ndipo watie saini. Sheria haiwapi haki hiyo, na kiongozi anayefaidika bei ikipanda hawezi kukupa maelezo huru kuhusu mtaa wake. Mpitie, msikilize, kisha uwaulize watu wengine.

Wenzetu wenye pasipoti za Kenya na Tanzania, ambao ni wengi hapa Jinja, wakumbuke jambo moja: asiye raia wa Uganda hupata ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Dalali anayekuahidi umiliki huru anakudanganya, hata kama ni shemeji yako.

Maji yana kumbukumbu

Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya 1964, mita 13.41. Kati ya miaka hiyo miwili imepita miaka 56, muda wa kutosha watu kuoa, kujenga, kuzeeka na kusahau. Waliojenga ufukweni katika kipindi hicho waliona nchi kavu wakaamini itabaki kavu. Mzee aliyeyaona maji ya 1964 angewaambia yalifika wapi, kama wangemuuliza.

Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa ziwa hili na mita 100 kutoka ukingo wa Nile. Bugembe haiko ufukweni, lakini ardhi yake ina miinuko na mabonde, na bonde ni mkondo wa maji hata wakati wa kiangazi. Mvua zetu kubwa ni za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Ploti nyingi huoneshwa wanunuzi Januari na Julai, na sidhani ni kwa bahati. Ukipelekwa wakati wa ukame, angalia alama za maji kwenye kuta za nyumba jirani, angalia kama vizingiti vya milango vimeinuliwa, kisha uulize vyoo vya shimo vilifurika mwezi gani. Nyumba iliyopakwa rangi mpya sentimita thelathini za chini tu imeshakueleza habari zake.

Tukitaka kuona gharama ya kupuuza jambo hili, tuwaangalie jirani zetu wa Mbale. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua iliyonyesha milimani ilijaza mito ya Nabuyonga na Namatala ikaingia mjini, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mito ile haikuzuka usiku huo. Ilikuwepo siku zote, ina majina, na wenyeji walijua inapopenda kupita. Mbale ilikuwa imepata hadhi ya jiji siku ileile kama Jinja, tarehe 1 Julai 2020, lakini hadhi haikuwaondoa watu kwenye njia ya maji.

Barabara, reli na yajayo

Tangu Sheria ya Mipango Miji ya 2010, Uganda nzima ni eneo la mipango. Maana yake ni kwamba ramani ya jiji inaweza kuwa na barabara inayopita sebuleni kwako. Nenda kwa afisa mipango miji ukiwa na namba ya ploti au mchoro wa mpima, umuulize kwa maandishi. Uliza pia kuhusu reli mpya ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, ambayo serikali ilitia saini mkataba wa kuijenga Oktoba 2024 na ambayo itapita Busoga. Mwenye ardhi inayotakiwa na mradi hulipwa fidia, na wapo wanaokimbilia kuuza kwa anayelala kabla mthamini hajafika.

Hapa, nakiri, ofisi inajua kuliko jirani. Ndiyo maana sikusema tuiache.

Maisha ya kila siku

Haya nitayapitia upesi kwa sababu kila mmoja anaweza kuyachunguza mwenyewe. Njoo usiku wa Jumamosi, uone baa iko wapi na spika za kanisa la jirani zinaelekea upande gani. Njoo alfajiri siku ya kazi, wakati malori ya mizigo kutoka Malaba na Busia na matrekta ya miwa ya Kakira yako barabarani, uhesabu muda wa kufika mjini na nauli ya boda ukiwa na mtoto wa shule. Kaa dukani uulize habari za Yaka, umeme wa kulipia kabla: ukikatika hurudi lini? Uliza habari za karibuni, kwa kuwa usambazaji ulitoka mikononi mwa kampuni ya Umeme ukaenda kwa kampuni ya serikali, UEDCL, tarehe 1 Aprili 2025, na sifa za zamani, nzuri au mbaya, hazikusaidii sana. Omba kuona bili ya mwisho ya maji. Tazama wanaochota kwa jerikeni, maana wakiwa wengi mbele ya nyumba zenye mabomba, umeshapata jibu.

Mnunuzi aliye mbali

Naingiwa na huruma zaidi kwa ndugu zetu walioko Uarabuni na Ulaya, wanaotuma fedha kwa kaka au mjomba wanunuliwe nyumba. Kaka huyo mara nyingi si mwizi. Ni mtu anayeona aibu kuuliza maswali magumu kwa jirani yake mwenyewe, hasa kama muuzaji ni mtu aliyesoma naye. Mpeni kazi hiyo mtu asiye na undugu na upande wowote, mlipeni nauli na siku yake, na msitume malipo ya awali mpaka alete majina ya wenye ploti za pande zote nne na maneno waliyosema. Mtu akishalipa malipo ya awali masikio yake huziba: anaanza kumtetea muuzaji kuliko muuzaji anavyojitetea.

Mwaka 1955 Cyril na Rhona Sofer walichapisha kitabu kiitwacho *Jinja Transformed*, utafiti wa maisha ya mji huu wakati bwawa la Owen Falls lilipokuwa linaubadilisha. Wageni wale walijishughulisha kuuliza watu wa Jinja wanaishije, na hawakuwa wananunua hata chumba kimoja. Mwalimu wa kwetu anakopa deni la miaka mingi kununua nyumba katika mtaa ambao hajazungumza na mtu yeyote isipokuwa dalali.

Pendekezo

Fomu yetu ya mkopo wa nyumba inadai nakala ya hati au makubaliano, picha na barua ya LC1. Naomba mkutano huu uongeze ukurasa mmoja: majina na maelezo ya majirani wa pande nne, mzee mmoja aliyekaa hapo zaidi ya miaka thelathini, jibu la afisa mipango miji, na tarehe mbili za ukaguzi, moja ikiwa ya msimu wa mvua. Mwombaji asipoujaza ukurasa huo, kamati isimpe fedha, hata kama hati yake ni safi. Atakayesema utaratibu huu unachelewesha ataona kesi ya ardhi mahakamani inachukua muda gani.