Tulinde chombo cha kazi kabla ya kusaini
Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Bariadi



Huku kwetu Simiyu mtu hanyang'anywi pikipiki kwa sababu ya kadi ya benki. Kadi inayomponza ni kadi ya pikipiki yenyewe. Anaikabidhi kwa mkopeshaji mwezi wa Desemba apate fedha ya palizi ya pamba au ada ya mtoto. Pamba huuzwa kuanzia Mei, lakini marejesho yanadaiwa Januari. Pikipiki ikichukuliwa, kipato cha kulipia deni nacho kimekwenda.

Tuanze na riba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Kwa mkopo wa shilingi 1,000,000 hiyo ni shilingi 35,000 kwa mwezi. Anayetoza asilimia 30 anachukua 300,000. Ndiyo maana wananchi wameiita mikopo hiyo "kausha damu".

Pili, mkataba. Wapo wanaosainishwa karatasi ya mauziano badala ya mkopo. Ukishasaini kwamba umeuza, utajiteteaje? Tusisaini karatasi yenye nafasi tupu, na tudai nakala yetu siku hiyo hiyo.

Tatu, kinga ya sheria. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakataza kukamata, kwa kukazia hukumu, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, na zana za mkulima pamoja na ng'ombe anaowahitaji kwa kilimo. Kumbukumbu la Torati 24:6 nayo inakataza kuweka rehani jiwe la kusagia, kwa kuwa ni uhai wa mtu. Lakini tusijidanganye: gari na pikipiki hazikutajwa kwa jina katika kinga hiyo, na ulichokiweka dhamana kwa hiari yako ni vigumu kukitetea.

Je, aliyekwisha kushindwa kulipa? Asikifiche chombo wala kukiandikisha kwa jina la shemeji; huko ni kuongeza kesi juu ya deni. Aende kwa mkopeshaji mapema, aombe ratiba mpya inayofuata msimu, na makubaliano yaandikwe. Kila malipo yawe na stakabadhi. Akija mtu kusema ametumwa na mahakama, aombwe amri ya mahakama. Akionewa, alalamike kwanza kwa mkopeshaji kwa maandishi, kisha Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza.

Wanakamati, tunaomba kila usharika uwe na watu wawili wa kusoma mikataba pamoja na waumini kabla ya kusaini. Wafadhili wetu, mnapochangia mfuko wa kukopeshana wa kikundi, pendekezeni marejesho yaanze baada ya mavuno. Kwa njia hiyo kadi ya pikipiki itabaki nyumbani kwa mwenyewe.