Mali Bila Daftari: Habari za Wapanga Kadi wa Marekani

Walimu wasaidizi, kabla sijaendelea, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya manne: ujira, maili, daftari, kima cha chini. Kila mwanafunzi ayanakili. Kalamu msiziweke mbali, kwa maana leo tutapiga hesabu.

Leo nataka kuwaeleza kazi moja ya Marekani ambayo wengi wenu hamjapata kuisikia. Ni kazi ya kupanga kadi za salamu madukani. Mtasema, “Kadi za Wamarekani zatuhusu nini?” Ngojeni kidogo. Kazi yenyewe ni ya mbali, lakini shida iliyomo humo yaweza kumpata mtu ye yote anayeuza saa zake.

Wamarekani hupenda sana kupelekeana kadi. Mtoto akizaliwa, kadi. Mtu akiugua, kadi. Akifa mtu, jirani huwapelekea wafiwa kadi ya rambirambi. Tena ziko sikukuu: Krismasi, Siku ya Wapendanao tarehe 14 Februari, Siku ya Mama Jumapili ya pili ya Mei, na Siku ya Baba Jumapili ya tatu ya Juni. Biashara hii ni ya zamani. Mwaka 1906 mhamiaji kutoka Poland, Jacob Sapirstein, alianza kuuza kadi katika mji wa Cleveland kwa gari la farasi. Kampuni yake ndiyo American Greetings. Mwaka 1910 kijana Joyce Hall alifika Kansas City na visanduku viwili vya viatu vilivyojaa kadi za posta, akaanza biashara iliyokuja kuwa Hallmark.

Basi, ukiingia katika duka kubwa la vyakula au duka la dawa huko Marekani, utaona rafu ndefu yenye mamia ya vijimfuko, na kila kijimfuko kina kadi za namna moja. Wengi hudhani kwamba mwenye duka ndiye anayezipanga. Mara nyingi sivyo. Kampuni ya kadi humwajiri mtu wake, naye huenda kutoka duka hadi duka. Huyu ndiye mpanga kadi.

Kazi yake ni hii. Huingia katika stoo ya duka na kutafuta masanduku yaliyoletwa. Huyafungua, huzitenga kadi kwa namba zake, na kuzitia kila moja katika kijimfuko chake. Zilizokunjika au kuchafuka huziondoa. Bahasha zilizochanganywa na wateja huzirudisha mahali pake. Hutazama zipi zimekwisha, akaagiza nyingine. Sikukuu ikipita, hana budi kuzitoa kadi zote za sikukuu ile na kuweka za sikukuu inayofuata, nayo ni kazi ya haraka. Huinama, hupiga magoti, hunyanyua masanduku. Ni kazi ya mikono na macho, tena yataka uangalifu, kwa sababu kadi ya harusi ikitiwa penye rambirambi ni aibu.

Wengi wanaoifanya ni watu wa saa chache. Mama mwenye watoto shuleni huipenda kwa kuwa aweza kurudi nyumbani mapema. Mzee aliyestaafu huipenda kwa kuwa hapendi kukaa bure. Hakuna msimamizi anayesimama nyuma yako siku nzima. Wako wapanga kadi walioifanya kazi hii kwa miaka mingi na wakaifurahia. Sisemi kwamba ni kazi mbaya, wala kwamba kila kampuni ina hila.

Lakini uhuru huo una upande wa pili. Msimamizi asiyekuona ukichelewa, hakuoni pia ukifanya kazi zaidi ya saa zako. Huyu mfanyakazi ana mwajiri mmoja, lakini yumo ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Meneja wa duka si bwana wake, ila anaweza kumwambia, “Ngoja, stoo imefungwa,” naye akangoja. Na kampuni, kwa upande wake, mara nyingi huwa imekwisha kukadiria: duka hili lina saa mbili, lile saa moja na nusu. Makadirio hayo hufanywa mbali, na mtu asiyejua kwamba leo masanduku yamefichwa nyuma ya magunia ya sukari.

Tena saa zenyewe hazina uthabiti. Kabla ya sikukuu kubwa kazi humiminika. Sikukuu ikipita, juma linalofuata huenda mtu akapata saa chache tu. Sheria ya taifa la Marekani haimlazimishi mwajiri kumlipa mtu siku za likizo. Na kwa sheria ya afya ya mwaka 2010, mwajiri mkubwa anatakiwa kuwapa nafasi ya bima ya afya wale wanaofanya kazi saa 30 au zaidi kwa juma. Mtu wa saa 12 au 15 hayumo.

Sasa chukueni kalamu. Tufanye mfano. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya hesabu tu.

Mama mmoja ameambiwa ujira wake ni dola 12 kwa saa. Ana maduka mawili leo, na kila duka limekadiriwa saa 2. Basi atalipwa saa 4. Nne mara kumi na mbili ni dola 48. Andikeni 48.

Hebu tutazame siku yake ilivyokwenda kwa kweli. Aliingia duka la kwanza saa 1 kamili asubuhi. Alingoja stoo ifunguliwe, akatafuta masanduku, akapanga. Alitoka saa 3 na dakika 45. Hizo ni saa 2 na dakika 45. Akaendesha gari lake kwenda duka la pili, maili 20, dakika 30. Huko alifanya kazi saa 2 kamili. Jioni, nyumbani, aliandika taarifa zake na kuagiza kadi zilizokwisha. Dakika 45.

Jumlisheni: saa 2 na dakika 45, na dakika 30, na saa 2, na dakika 45. Mmepata ngapi? Saa 6 kamili. Sasa gawanyeni 48 kwa 6. Jibu ni 8. Aliyeambiwa dola 12 kwa saa amepata dola 8.

Bado hatujamaliza. Gari ni lake, na petroli kanunua mwenyewe. Serikali ya Marekani, kwa ajili ya hesabu za kodi, hukadiria kila mwaka gharama ya kuendesha gari kwa kazi. Mwaka 2025 ilikuwa senti 70 kwa maili. Maili 20 mara senti 70 ni dola 14. Kama kampuni haikumrudishia fedha hiyo, toeni 14 katika 48. Zimebaki 34. Gawanyeni kwa 6. Ni dola 5 na senti 67 hivi kwa saa.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya viwango vya haki vya kazi ilitiwa sahihi na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1938. Wakati ule kima cha chini kilikuwa senti 25 kwa saa. Tangu Julai 2009 kima cha taifa zima ni dola 7 na senti 25, na majimbo mengi yameweka kima kikubwa zaidi. Mathalani, California mwaka 2024 ilikuwa dola 16. Sita mara 7 na senti 25 ni dola 43 na senti 50. Mama wetu amebakiwa na dola 34. Amepungukiwa dola 9 na senti 50. Wakaguzi hupima kwa juma zima, si kwa siku moja. Lakini kama siku zake zote ni za namna hii, huenda sheria imevunjwa.

Sikilizeni vizuri mambo manne yaliyomo katika sheria na kanuni zake.

La kwanza: kazi ambayo mwajiri ameiacha ifanyike, naye anajua au alipasa kujua, ni kazi, hata kama hakuiagiza. Kuandika taarifa nyumbani ni kazi.

La pili: safari ya asubuhi kutoka nyumbani kwenda kazini kwa kawaida haihesabiwi. Lakini safari kutoka duka moja hadi jingine katikati ya siku ya kazi huhesabiwa.

La tatu: gharama za kazi, kama vile petroli ya kutoka duka hadi duka, haziruhusiwi kuushusha ujira chini ya kima cha chini. Katika jimbo la California sheria ni kali zaidi: mwajiri hana budi kurudisha gharama zote za lazima za kazi.

La nne: mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu amepeleka malalamiko yake serikalini. Lakini asikawie. Muda wa kudai ni miaka miwili, au mitatu ikiwa mwajiri alivunja sheria kwa makusudi.

Labda mmojawenu anauliza, “Vipi kuhusu dola 12 alizoahidiwa?” Ni swali zuri. Sheria ya taifa hulinda kima cha chini. Kudai dola 12 kwa kila moja ya zile saa 6 ni jambo la mapatano yake na kampuni, na la sheria za jimbo lake.

Sasa tunafika penye kiini cha somo. Sheria ipo. Lakini mama huyu atawezaje kuonyesha kwamba alifanya kazi saa 6, na karatasi ya kampuni yasema 4?

Kwa sheria, kuandika saa za kazi ni wajibu wa mwajiri. Asipoandika sawasawa inakuwaje? Jambo hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1946, katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, katika jimbo la Michigan. Mahakama ilisema kwamba, ikiwa kumbukumbu za mwajiri ni pungufu, mfanyakazi asinyimwe haki yake kwa kuwa hawezi kutaja kila dakika. Yatosha alete ushahidi unaowezesha kukadiria kwa haki saa alizofanya. Hapo mzigo wa kujibu humwangukia mwajiri.

Na ushahidi ulio mwepesi kuliko wote ni upi? Ni daftari. Daftari dogo la mfukoni, lenye mistari kama hii:

Jumatatu. Duka la kwanza: kuingia saa 1.00, kutoka saa 3.45. Stoo ilifungwa dakika 25.
Safari: maili 20, dakika 30.
Duka la pili: kuingia saa 4.15, kutoka saa 6.15.
Nyumbani: taarifa, dakika 45.

Mistari minne tu. Haihitaji Kiswahili cha washairi wala Kiingereza cha wanasheria. Yatosha mtu ajue tarehe, saa, na tarakimu, naye aandike siku ile ile, si baada ya mwezi. Wahenga wetu walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Walisema habari za wafanya biashara, lakini saa zako ni mali pia. Dakika 45 za jioni ni kidogo. Ukizifanya siku nne kwa juma, ni saa 3. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hicho chaweza kuwa cha mtu mwingine.

Ninyi mlioanza mwaka huu mkishika kalamu kwa shida, msidhani kusoma ni kwa ajili ya barua tu. Ukiajiriwa kwa kibarua, ukipakia magunia, ukifua nguo za watu, uliza mambo matatu kabla ya kuanza: nalipwa kwa saa, kwa siku au kwa kazi? Nauli ni ya nani? Nikingojeshwa, nalipwa? Majibu yaandike mbele ya mwajiri wako kwa adabu. Mwajiri mwema hatakasirika, kwa sababu daftari humlinda naye pia na madai ya uongo.

Sasa kazi ya nyumbani.

1. Mpanga kadi alifanya kazi saa 3 katika duka la kwanza, akasafiri dakika 20, kisha akafanya kazi saa 1 na dakika 40 katika duka la pili. Alilipwa saa 4 kwa dola 12. Kwa kweli alipata kiasi gani kwa saa?
2. Kwa nini safari ya katikati ya siku huhesabiwa, na ya asubuhi haihesabiwi? Jadilianeni darasani.
3. Andika katika daftari lako kazi zote utakazofanya kesho, pamoja na saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Walimu, jibu la swali la kwanza ni dola 9 na senti 60. Msiwaambie mpaka wamelitafuta wenyewe. Katika somo lijalo tutasoma karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari.