Kwa Nini Simba wa Kongo Walishindwa?



Mmeniomba niwaeleze habari za Fizi, huko Kongo ya Mashariki, mahali nilipozaliwa. Vita ilipokuja, wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika tukaja Kigoma. Mimi nilivuka nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kaka yangu alibaki na wapiganaji, hakuonekana tena. Basi nilipokuwa mtu mzima nilirudi kuuliza: vita ile ilishindwaje?

Kwanza tujue chanzo. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Waziri Mkuu wake, Patrice Lumumba, aliuawa Januari 1961. Mwaka 1964 wananchi waliochoka waliasi. Wale wa mashariki waliitwa Simba. Agosti 1964 waliteka Stanleyville, mji ambao sasa ni Kisangani. Lakini tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji waliteremka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani. Mamluki nao wakaingia. Simba wakatawanyika.

Je, ni wageni tu waliowashinda? Hapana, ndugu zangu. Ziko sababu za ndani.

Ya kwanza, viongozi walikuwa mbali. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kuja kuwasaidia. Wakuba wenzake walifika kundi kwa kundi, hata wakapita 100. Laurent Kabila, kiongozi wa upande ule, alifika Julai, akakaa siku chache, akaondoka.

Ya pili ni dawa. Waliamini kwamba inageuza risasi kuwa maji, kama babu zetu wa Maji Maji mwaka 1905. Mtu akifa, husemwa kavunja mwiko. Basi kosa lenyewe halitafutwi.

Ya tatu, hawakuaminiana. Juni 1965 walishambulia Bendera, penye kituo cha umeme, wakashindwa. Wakongo na Wanyarwanda waliokuwa pamoja nao wakalaumiana. Novemba Wakuba wakarudi Kigoma.

Kaburi la kaka sikuliona. Ila nimeelewa kwamba vijana wale hawakukosa ushujaa. Walikosa kiongozi wa kukaa nao na kuwaambia kweli.

Nasi hapa kijijini tujiulize. Kazi ikiwa ngumu, kiongozi yuko wapi? Ikiharibika, tunatafuta sababu, au tunatafuta mchawi? Zungumzeni darasani.