GEJI ZA LANDROVER YETU: TUCHAGUE ZINAZOSEMA KWELI

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama mbele ya mkutano wa wanaushirika)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya gari letu. Nyote mnalijua: ni Landrover Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Ndilo linalobeba mazao, na ndilo linalowahisha wagonjwa hospitali usiku. Sasa geji zake zimekufa. Dereva anaendesha kwa kusikiliza mlio na kunusa harufu. Huko ni kuchezea bahati nasibu mali ya ushirika.

Wako wanaosema tununue geji mpya zenye taa za rangi. Wengine wanasema tuchukue zo zote za gari bovu, bora mshale uchezecheze. Naomba tusikilizane kwanza.

Kwanza, tupime kabla ya kununua. Katika gari hili, geji ya mafuta na geji ya joto hupata umeme kupitia kifaa kimoja kidogo nyuma ya dashibodi, kinachoupunguza mpaka kama volti 10. Zikianza kudanganya zote mbili kwa pamoja, tukiangalie kifaa hicho na nyaya zake kabla ya kuzilaumu geji. Ikiwa ni ile ya joto peke yake, fundi awashe swichi, achomoe waya wake pale kwenye injini, augusishe kwenye bodi kwa muda mfupi. Mshale ukipanda polepole kuelekea upande wa moto, geji ni nzima. Kibovu ni kipimaji kilichofungwa kwenye injini. Waya wa kwenye tangi asiuchezee hivyo. Cheche na mvuke wa petroli havikai nyumba moja.

Pili, geji na kipimaji chake ni kama kufuli na ufunguo. Geji ya gari jingine yaweza kuingia tunduni sawasawa, halafu ikasema injini imepoa kumbe inachemka. Hapo tutaunguza gasketi na kupindisha silinda hedi, na michango ya msimu itaishia gereji. Kwa hiyo tununue vya aina moja, geji pamoja na kipimaji chake.

Tatu, spidomita. Nyingi zitokazo Uingereza zinahesabu maili, na maili moja ni kama kilomita 1.6. Sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi. Dereva akiona mshale uko kwenye 50 akadhani ni kilomita, kumbe ni maili, atapita mbele ya shule kwa kilomita 80. Ndugu zangu, wale ni watoto wetu. Tutafute ya kilomita, tena inayolingana na gia boksi na ukubwa wa matairi. Ikishafungwa tuijaribu barabara kuu: mshale ukitulia kwenye 60, kilomita moja imalizike kwa dakika moja.

Nne, fedha ikibaki, tuongeze geji ya volti. Injini ikiwa inanguruma na chaji ni nzuri, isome kama 13.5 hadi 14.5. Ile ya ampea ya zamani hupitisha ndani yake karibu umeme wote wa gari. Nyaya zikilegea hapo, moto huanza.

Na jambo la mwisho. Geji hainyweshi gari maji. Maji yakivuja yakaisha, kipimaji hubaki hewani na mshale waweza kusema hali ni shwari. Rejeta ikaguliwe kila asubuhi injini ikiwa ya baridi.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani twajua mateso ya kuwa na barua mfukoni usijue inasema nini. Gari lisilo na geji ni hivyo hivyo. Lakini geji ya uongo ni barua iliyosomwa na mtu mwongo, nayo ni mbaya zaidi.

Napendekeza mkutano uazimie hivi: fundi apime mbele ya wajumbe wawili, alete orodha ya vilivyokufa, ndipo Mweka Hazina atoe fedha. Anayepinga asimame aseme hapa hapa, tusije tukasemea kilabuni.

Ushirika, hoyee!